Moe Berg alikua jasusi kweli au tunamkuza?

Kuna dokumentari ya Aviva Kempner ya mwaka 2019, The Spy Behind Home Plate, inamhusu Moe Berg, mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyekuja kuwa jasusi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukimtaja tu huyu mtu ubishi unaanza, wengine wanasema ni shujaa aliyesahaulika, wengine wanasema ni mchezaji wa benchi aliyekuzwa na stori. Mi naona pande zote mbili zinabishania tukio ambalo silo.

Kiwanjani tusidanganyane, alikua wa kawaida sana. Misimu 15 ligi kuu lakini mechi 663 tu, tena homurani zake zote (mapigo ya kuupeleka mpira nje kabisa ya uwanja) ni 6, wakati Babe Ruth, staa mkubwa wa besiboli wa zama hizo hizo, alimaliza na 714. Alikua mdakaji, yule anaechuchumaa nyuma ya mpigaji, na mara nyingi ni wa akiba. Ila kichwa sasa! Kasoma Princeton, akachukua sheria Columbia, lugha anazijua kadhaa.

Mwaka 1934 mastaa wa Marekani wanaenda kucheza Japani, Ruth yumo, Gehrig yumo, na Berg nae yumo, kitu ambacho mpaka leo watu wanajiuliza alipataje nafasi. Siku moja anavaa kimono, anabeba maua, anaingia hospitali ya St. Luke's jijini Tokyo kwamba anaenda kumpongeza binti wa balozi wa Marekani ambae kajifungua. Kwa mzazi hakufika. Alipanda moja kwa moja mpaka paani, akatoa kamera aliyoificha ndani ya kimono akaurekodi mji wote unavyoonekana kutoka juu.

Wanaomsifu wanasema picha zile ndizo zilizoongoza ndege za Marekani chini ya kamanda Doolittle kuipiga Tokyo kwa mabomu Aprili 1942. Hapa mi niko na wanaopinga, maana ushahidi ni mwembamba mno, picha zenyewe zilikua na miaka zaidi ya saba, na hakuna kilichothibitisha kwamba mwaka ule kuna mtu alimtuma. Ujasiri alikua nao, hilo halina ubishi, lakini ujasiri ni kitu kimoja na kubadilisha vita ni kitu kingine.

Sasa njoo Zurich, Desemba 1944. Berg yuko OSS, shirika la ujasusi la Marekani kabla ya CIA, na anatumwa kwenye mhadhara wa Werner Heisenberg, mwanafizikia mkubwa wa Ujerumani. Mfukoni ana bastola, ana na kidonge cha sumu cha kwake mwenyewe. Maagizo ni kwamba akisikia dalili yoyote kuwa Wajerumani wamekaribia bomu la atomiki, amuue pale pale. Hebu fikiria, umekaa kwenye kiti unasikiliza hesabu za fizikia ambayo hukuisomea, na wewe ndio unatakiwa uamue huyu mtu afe au aishi. Akasikiliza, baadae akakutana nae kwenye chakula cha usiku, akamsikia akiongea kama mtu anaejua vita wameshashindwa, na akaamua hapana. Hakupiga.

Watakaosema hakufanya kitu maana risasi haikutoka, mi siwaelewi. Wajerumani kweli hawakua karibu na bomu, na angebonyeza angekua kaua mtu bure, na yeye mwenyewe huenda asingetoka hai. Ni kweli OSS walikua na taarifa nyingine zaidi ya zake, hilo wakosoaji wako sahihi na lisifichwe, lakini mle ukumbini alikua yeye na bastola yake.

Baada ya vita mambo hayakumnyookea, kazi ya kudumu hakupata, akaishi kwa kaka yake kisha kwa dada yake mpaka alipofariki mwaka 1972. Nishani ya Uhuru, ile ya heshima ya serikali ya Marekani, walimpa akaikataa. Dada yake ndio aliyekuja kuipokea, Berg akiwa ameshafariki.