"Hakuna utafiti uliofanyika," kasema nani?

Majuzi nilikaa kwenye jopo la kusikiliza mapendekezo ya utafiti ya wanafunzi wa uzamili. Kijana mmoja, nadhifu, suti imemkaa, akafika kwenye slaidi ya pengo la utafiti. Imeandikwa kwa herufi nyekundu: hakuna utafiti uliofanyika kuhusu dagaa wanaoharibika baada ya kuvuliwa, upande wa Tanzania wa Ziwa Victoria. Pembeni yangu alikuwepo profesa mstaafu, mtu aliyemaliza soli za viatu kwenye mialo ya Mwanza na Mara. Akavua miwani.

"Mwanangu, umetafuta wapi?"

"Nimetumia akili unde, Profesa. Ina makala zaidi ya milioni mia mbili."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka, maana ripoti yake mwenyewe juu ya jambo hilo hilo imemzidi kijana umri.

Nilirudi nyumbani na hasira, na si za kijana yule peke yake. Sentensi ile naiona kila msimu wa mapendekezo tangu zana hizi ziingie. Zamani mwanafunzi aliandika kwa woga, "tafiti chache zimefanyika". Siku hizi ni "hakuna", nukta. Nani kampa ujasiri huo? Jedwali. Unaiuliza Elicit, zana ya akili unde ya kutafuta na kuchambua makala, swali, inakutolea jedwali safi: mwandishi, mwaka, nchi, sampuli, matokeo, mapungufu. Kwenye safu ya nchi unaona Bangladesh, India, Ghana. Tanzania haimo. Basi, pengo limepatikana, tupige makofi.

Hizo makala milioni 200 na ushee ni kweli, sibishi. Elicit na mwenzake Consensus zilijengwa juu ya hazina ya makala ya Semantic Scholar, ya Taasisi ya Allen ya Akili Unde kule Seattle. Lakini hazina hiyo inakusanya kilichopo mtandaoni, tena kwa namna ambayo mashine inaweza kukisoma. Makala ikiwa imefungwa mpaka ulipie, mara nyingi zana inaishia kwenye ikisiri, halafu inakujazia safu ya mapungufu kana kwamba imeisoma yote. Nani aliwahi kuungama mapungufu yake kwenye ikisiri? Ikisiri ni barua ya posa, humo kila mtu ana tabia njema. Mambo kama vile vipimo vya kukausha kwenye vichanja kuchukuliwa kiangazi tu, wakati dagaa wanaoza masika, utayakuta ukurasa wa tisa, kwenye maandishi madogo chini ya jedwali.

Na ziwa lenyewe! Utafiti wa Ziwa Victoria haukuanza na intaneti. Ripoti ya Michael Graham kuhusu uvuvi wa ziwa hili ni ya 1929. Shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa uvuvi wa maji baridi lilikaa Jinja likitoa taarifa zake hadi Jumuiya ilipovunjika 1977. TAFIRI, taasisi yetu ya utafiti wa uvuvi, ikaanzishwa 1980. Miaka ya 1990 ukaja LVEMP, mradi wa kusimamia mazingira ya Ziwa Victoria, na mabunda yake ya ripoti. Humo mna vitu ambavyo ni picha za kurasa zilizofifia, na vingine viko kabatini, kabati lina funguo, na mwenye funguo yuko safarini. Sijataja tasnifu zinazokula vumbi ghorofani. Halafu ukitafuta dagaa bila kukumbuka kwamba Kenya wanaitwa omena na Uganda mukene, umeliacha karibu nusu ya ziwa.

Haya, nikiri. Mwanafunzi ambaye Kiingereza ni lugha yake ya tatu, ana makala mia mbili na mwezi mmoja, akiiomba mashine imtenganishie zinazohusu kukausha na zinazohusu kutia chumvi, simlaumu. Hata mimi naitumia kwa kazi hiyo, na napata usingizi. Marejeleo ya kubuni? Hilo linajulikana tangu mawakili wa New York watozwe faini ya dola 5,000 mwaka 2023 kwa kunukuu kesi zisizokuwepo, zilizobuniwa na mashine. Anayenaswa nalo leo kajitakia.

Hili la pengo linanikera zaidi kwa sababu halinaswi. Rejeo la uongo utalitafuta, utalikosa, yameisha. "Hakuna" utaikamataje? Ikipita kwenye jopo inaingia kwenye tasnifu, tasnifu inazaa makala, makala inaingia kwenye hazina ile ile, na mwakani mashine inamjibu mwanafunzi mwingine: hakuna utafiti uliofanyika Tanzania. Safari hii na rejeo juu. Watu waliolala visiwani Ukerewe wakipima dagaa gunia kwa gunia tunawafuta hivi hivi, wengine wangali hai, wamekaa nasi meza moja.

Na sisi wasimamizi tusijifanye watakatifu. Wapo wanaoitupia mashine sura nzima ya mwanafunzi, kisha wanamrudishia maoni yanayoanza kwa pongezi na kuishia na "ungependa nikuandalie muhtasari?" Vyuo navyo vinadai nakala laini ya kila tasnifu, lakini fungua tovuti ya maktaba uone: kiduara kinazunguka mpaka bando linakata. Tumejificha wenyewe, halafu tunashangaa hatuonekani.

Mwongozo wa PRISMA wa 2020, wa kuripoti mapitio ya kimfumo ya tafiti, unataka utaje kila chanzo ulichopekua, tarehe ya mwisho ya kupekua na maneno uliyotumia. Wanafunzi wangu watafanya hivyo hata kwa mapitio ya kawaida: zana gani, lini, na iliona makala nzima au ikisiri tu. Nitaongeza na mstari wangu: umefungua kabati gani, umezungumza na mzee gani. Anayeandika "sikuona" nitamsaidia kutafuta. Anayeandika "hakuna" aje na mkutubi wake.