Haki za Binadamu Kati ya Mahasimu: Kukemea Hadharani au Kuongea Faragha?

Mei 1993 Rais Bill Clinton aliiwekea China sharti: isipoboresha haki za binadamu, itapoteza unafuu wa ushuru katika soko la Marekani. Mwaka mmoja baadaye aliliondoa sharti hilo yeye mwenyewe, huku akikiri kwamba China haikuwa imepiga hatua ya kutosha. Biashara ilishinda.

Wanaotetea diplomasia ya faragha wana haki ya kuukumbusha mfano huo. Taifa kubwa likikaripiwa mbele ya ulimwengu hukaza shingo, maana kulegea kungesomwa na raia wake kama kushindwa. Milango ikifungwa, kuna nafasi ya kurudi nyuma bila aibu. Wei Jingsheng, Mchina aliyefungwa kwa kudai demokrasia, alitolewa gerezani Novemba 1997, muda mfupi baada ya ziara ya Rais Jiang Zemin wa China nchini Marekani. Wang Dan, aliyekuwa kiongozi wa wanafunzi katika maandamano ya kudai demokrasia ya mwaka 1989 kwenye uwanja wa Tiananmen, Beijing, aliachiwa Aprili 1998, miezi miwili kabla ya Clinton kuzuru Beijing. Sithubutu kuyaita mafanikio hayo madogo. Kwa aliyekuwa kifungoni, huo ni uhai wake.

Hata hivyo wote wawili walisafirishwa moja kwa moja hadi Marekani, na mfumo uliowafunga ukabaki ulivyo. Hapo ndipo faragha inaponitia hofu. Mfungwa akishakuwa kitu cha kubadilishana, serikali inapata sababu ya kuwa naye mwingine akibani.

Upande wa pili, wa kusema hadharani, una mfano wa mkutano wa Helsinki, Finland. Agosti 1975 nchi 35, zikiwamo Marekani na Umoja wa Kisovieti, zilitia saini hati iliyogusa usalama, ushirikiano na haki za binadamu. Moscow iliitaka hasa kwa sababu ilithibitisha mipaka ya Ulaya iliyotokana na Vita vya Pili vya Dunia, na magazeti yake yakaichapisha nzima. Mwaka uliofuata mwanafizikia Yuri Orlov na wenzake waliunda kikundi cha kufuatilia kama nchi yao inatimiza ilichosaini. Nguvu ya hati ile ilikuwa hapo: raia waliidai serikali yao kwa saini yake yenyewe, wala hawakuhitaji hotuba ya Washington. Orlov alikamatwa Februari 1977.

Kukemea hadharani nako kuna doa lake kubwa, nalo ni undumilakuwili. Marekani iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1992, lakini ule wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni imeusaini tu. China ni kinyume chake: imeridhia wa pili tangu 2001, wa kwanza iliusaini 1998 na haijauridhia. Kila mmoja anamhukumu mwenzake kwa kitabu anachokipenda. Na Marekani inapotaja kambi za Xinjiang, jimbo la China ambako Wauyghuri, Waislamu walio wachache nchini humo, wamezuiliwa, Beijing hujibu kwa kuitajia gereza lake la Guantanamo.

Jibu hilo halimfungulii Muuyghuri mlango. Oktoba 2022, wiki chache baada ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kusema kwamba yanayotendeka Xinjiang huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, Baraza la Haki za Binadamu lilipigia kura pendekezo la kuijadili tu ripoti hiyo. Kura 17 ziliunga mkono, 19 zikapinga, 11 hazikuegemea upande wowote. Kati ya nchi za Afrika, Somalia pekee ilikubali. Naelewa chuki ya kuhubiriwa na wakubwa, ila kukataa hata mjadala ni kuwaadhibu wasiohusika na mahubiri hayo.

Kwangu mimi faragha ina maana pale tu ambapo tayari kuna neno lililosemwa wazi. Orlov alitoka mwaka 1986, kwa makubaliano ya siri yaliyomhusisha pia mwandishi wa Kimarekani na jasusi wa Kisovieti. Wajumbe waliokaa kwenye meza ile walilijua jina lake kwa sababu kwa miaka kumi lilitajwa kwa sauti.