Prosesa Mpya kwa Mtu wa Salamu za Ijumaa

Siku hizi mtu mzima hawezi kukaa barazani pale Mkunazini akanywa kahawa yake kwa amani, kwa sababu mazungumzo yaliyokuwa ya siasa na bei ya pweza yamehamia kwenye prosesa za simu, yaani zile chipu zinazofanya kazi ya ubongo ndani ya simu. Nilitamka tu kwamba simu yangu imechoka na kwamba natafuta nyingine, na papo hapo kila aliyekuwapo akageuka mhandisi. Mmoja akaniusia nisiguse kabisa simu isiyo na usanifu wa Armv9, naye ni mtu ambaye simu yake haina kazi ila kutazama magoli na kumulika njia ya msalani umeme unapokatika.

Kwa kuwa sipendi kushindwa na mtu asiyejua asemalo, nikamkamata mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta na kumtaka anifafanulie. Akaniambia, "Mjomba, Arm ni kampuni ya Cambridge, Uingereza, inayochora ramani za chipu, na simu karibu zote duniani hufuata ramani hizo." Armv8, usanifu ulioleta biti 64, yaani chipu kushika data kwa mafungu makubwa kuliko yale ya zamani ya biti 32, ilitangazwa mwaka 2011, na Armv9 ikafuata mwaka 2021. Usanifu huo ni kanuni za amri ambazo programu huipa chipu, lakini namna chipu yenyewe ilivyojengwa ili itekeleze amri hizo ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo nilipokasirika, kwa sababu barazani hakuna hata mmoja aliyekuwa akitenganisha mambo hayo mawili.

Chukua chipu ya Snapdragon 810, iliyokuwa ndani ya simu za kifahari za mwaka 2015 na ikavuma dunia nzima kwa joto lake. Mwaka uliofuata ikatoka Snapdragon 625, chipu ya watu wa kawaida, yenye viini vinane (viini ndivyo vifanyakazi vya ndani ya chipu) vya Cortex-A53, yaani muundo wa Arm uliokuwa umetangazwa tangu mwaka 2012, na watu wakaipenda kwa kutunza chaji na kutochemka. Zote mbili ni Armv8! Tofauti ilikuwa kwamba ile ya kwanza ilibebeshwa viini vikubwa vyenye njaa ya umeme na ikatengenezwa kwa nanomita 20, ilhali ya pili ilitengenezwa kwa nanomita 14, na kwa kawaida namba hiyo ikipungua, chipu hula umeme kidogo zaidi. Kwangu mimi, ninayepanda daladala la Bububu mchana wa kaskazi huku simu imo kwenye mfuko wa kanzu, habari ya joto ni nzito kuliko namba yoyote ya usanifu.

Halafu kuna hili la viini vinane, linaloandikwa kwenye maboksi kwa herufi kubwa kuliko jina la simu. Viini vinane vikiwa vyote vidogo, hiyo ni nyumba yenye vijana wanane ambao wote ni wa kutumwa dukani, na siku gunia la mchele likifika hakuna wa kulibeba. Anayetaka kujua kitu aulize kama vimo viini vikubwa, na ni vya aina gani. Chipu ya Helio G85 ina viwili vikubwa vya Cortex-A75 na sita vidogo vya Cortex-A55 kwa nanomita 12, wakati Helio G99 ina viwili vikubwa vya Cortex-A76 pamoja na sita vya A55 vile vile, lakini kwa nanomita 6. Usanifu ni Armv8 kote kuwili, na bado ya pili inaishinda ya kwanza kwa kasi na kwa chaji.

Lakini hata hayo, ukweli wa Mungu, si maradhi ya simu yangu. Simu yangu inauawa na kundi la ukoo, ambamo kila Ijumaa kila shangazi hutuma picha ya waridi yenye maneno ya heri, na binamu hutuma video ya mawaidha ambayo shangazi alikwisha kuituma. Hifadhi imejaa pomoni, na hakuna Armv9 wala Armv90 itakayofuta waridi. Tena wauza simu wameleta hila ya "RAM 4+4", RAM ikiwa ni kumbukumbu ya muda ambayo simu huitumia inapofanya kazi, ambapo zile gigabaiti nne za pili wanazikopa kwenye hifadhi, iliyo ya polepole mno kuliko RAM yenyewe, kisha wanazihesabu kana kwamba ni mali yao.

Sisemi kwamba usanifu ni upuuzi. Apple walianza biti 64 mwaka 2013 kwa iPhone 5s, na Google Pixel 7 ya mwaka 2022 haifungui tena programu za biti 32, kwa hiyo anayeuziwa leo simu ya biti 32 kwa bei ya kutupwa ameuziwa mzigo. Anayecheza michezo mizito, au anayetaka kukaa na simu miaka mingi, naye ana haki ya kudadisi chipu. Mimi nataka hifadhi pana, RAM ya kweli, na masasisho ya usalama yasiyokatika.

Haya ndiyo niliyomuuliza kijana wa duka moja la Darajani: hifadhi yake ni eMMC, ile ya polepole, au UFS, ile ya kasi, na masasisho yatakuja kwa miaka mingapi? Akaitazama simu, akanitazama mimi, akasema, "Ami, hii ipo pia ya rangi ya dhahabu."