Platini juu ya kaboni: udogo wa chembe nao una gharama

Gramu moja ya platini ikigawanywa kuwa chembe za nanomita 3 hupata uso wa zaidi ya mita za mraba 90. Ndiyo maana elektrodi za seli za haidrojeni, yaani vyombo vinavyozalisha umeme kwa kuunganisha haidrojeni na oksijeni, hubeba chembe zilizotawanywa juu ya unga wa kaboni: kazi hufanyika usoni tu, na atomi iliyofichika katikati ya donge ni mali iliyolala. Namna ya kuzitawanya ndiyo inayoleta mabishano.

Wapo wanaolowesha. Kaboni hunyweshwa myeyuko wa asidi ya kloroplatini, hukaushwa, kisha hupashwa moto katika mkondo wa haidrojeni mpaka ioni zigeuke metali. Vyombo ni vichache, hatua ni chache, na kutoka gramu hadi kilo si safari ndefu. Lakini chembe huota zinapotaka. Platini ikiwa kidogo hutawanyika vizuri. Ukiiongeza hadi asilimia 40 ya uzito, madonge huanza kujitokeza.

Wengine hutengeneza chembe kwanza ndani ya kimiminika, zikizungukwa na polima (molekuli ndefu kama nyuzi) inayozizuia kushikana, ndipo huzipandikiza kwenye kaboni. Kwenye darubini ya elektroni hupendeza: zinalingana kama punje za mtama. Tatizo ni kwamba polima ileile iliyozilinda hufunika uso unaotakiwa kufanya kazi. Ukiiondoa kwa moto, chembe huungana, na ulinganifu ulioutafuta unapotea mikononi mwako.

Ethilini glaikoli hupunguza mvutano huo, kwani yenyewe ni kiyeyushi, hugeuza ioni kuwa metali inapopashwa moto, na mazao yake huzizuia chembe kushikana bila polima ya ziada. Ukiongeza alkali, chembe huwa ndogo zaidi. Kama ningelazimika kuchagua njia moja ya kuanzia maabarani, ningechagua hii, ingawa kuosha mabaki yake kunadai subira.

Hata hivyo, naona pande zote zinautukuza udogo kupita kiasi. Chini ya nanomita 3 hivi, sehemu kubwa ya atomi za usoni huwa kwenye kingo na pembe, ambako oksijeni hung'ang'ania mno, na kazi ya kila atomi hushuka. Isitoshe, chembe ndogo huyeyuka upesi. Platini yake huhamia kwenye zilizo kubwa, na baada ya voltu kupanda na kushuka maelfu ya mara, ushindi wa siku ya kwanza umefutika.

Halafu kuna kaboni yenyewe, ambayo mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja tu. Kaboni yenye vitundu vingi hutoa nafasi kubwa na sehemu nyingi za chembe kujishikiza. Chembe zilizojificha ndani ya vitundu huepuka kuguswa na polima ya asidi inayopitisha protoni, ambayo vikundi vyake vya salfoneti (sehemu zenye salfa na oksijeni) hushika uso wa platini. Ni faida ya kweli. Lakini kitundu kikiwa chembamba mno, oksijeni na protoni hupenya kwa shida, na chembe iliyomo inabaki jina tu.

Kaboni iliyopitishwa kwenye joto kali hadi ikakaribia grafiti ni kinyume chake. Uso wake ni laini, chembe hazipati pa kushika, na huteleza na kuungana. Ila huvumilia. Kikemia, kaboni inaweza kuoksidika, yaani kuliwa na oksijeni, kuanzia takriban voltu 0.2, kinachoiokoa ni kwamba mmenyuko huo ni wa polepole. Seli inapowashwa na kuzimwa, voltu zinaweza kupanda hadi kupita 1, na hapo kaboni ya kawaida huliwa na kuziacha chembe bila pa kusimama.

Kwa seli itakayowashwa na kuzimwa mara nyingi, ningekubali chembe za nanomita 4 au 5 juu ya kaboni sugu kuliko za nanomita 2 juu ya kaboni itakayoliwa. Kwa seli inayofanya kazi mfululizo bila kuzimwa, ningerudi kwenye kaboni ya vitundu, mradi vitundu vyenyewe viwe vipana vya kutosha.