Lafudhi ya Mzee Ojwang': Tulikuwa Tukicheka Nini?

Benson Wanjau alipofariki Julai 2015, wengi walishangaa kusikia kwamba Mzee Ojwang' wa kipindi cha runinga cha Vitimbi, aliyewachekesha Wakenya kwa lafudhi ya Kijaluo miaka nenda miaka rudi, alikuwa Mkikuyu.

Kwa wanaovitetea vichekesho vyetu vya runinga dhidi ya shutuma kwamba vinadhihaki makabila kwa lafudhi, hilo linatosha: tulicheka pamoja, tukaishi pamoja. Hoja hiyo siipuuzi. Kabla ya runinga ya KTN kuanza mwaka 1990, nchi nzima ilikuwa na stesheni moja tu ya runinga, kwa hiyo Nyeri ya Wakikuyu na Kisumu ya Wajaluo zilimtazama mzee yuleyule. Tena kilichochekesha hasa ni mume anayejidai kichwa cha nyumba huku mkewe, Mama Kayai, akimshinda kwa maneno. Mume huyo yuko katika kila kabila.

Hata hivyo, Kenya ni nchi ambamo ulimi umewahi kumponza mtu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, watu walisakwa kwa majina na lugha zao. Mtoto aliyekua akimcheka anayesema "sida" badala ya "shida" hakufunzwa chuki, lakini alizoezwa kumpanga mtu kabla hajamaliza sentensi.

Papa Shirandula, mhusika mkuu wa kipindi cha jina hilo katika runinga ya Citizen, ananitatiza zaidi. Soja huyu, yaani mlinzi wa getini, anaaga nyumbani akiwa na suti ili mkewe asijue kazi yake: kisa hicho kina uchungu wa kweli, aibu ya mtu anayelinda mali asiyoweza kuimiliki, na marehemu Charles Bukeko aliibeba aibu hiyo kwa ustadi mkubwa. Alikuwa Mluhya akiigiza watu wake, na haki hiyo hawezi kunyang'anywa. Ila soja ni Mluhya, na Awinja, mfanyakazi wa nyumbani, naye ni Mluhya. Hapo lafudhi imeshikanishwa na kazi ya chini. Mwajiri aliyekwisha amini kwamba Waluhya wa magharibi mwa Kenya ni wa getini na jikoni hapati cha kumfanya afikiri upya.

Mimi hupima hivi: ondoa lafudhi, uone kama kichekesho kinabaki. Ojwang' anabaki. Shirandula mwenyewe anabaki. Wengi waliokuja baada yao hawabaki na kitu, na hao ndio wanaotuumiza. Waandishi wa leo watuletee daktari bingwa mwenye lafudhi nzito ya Kiluhya ya Bungoma, tumcheke kwa kiburi chake cha udaktari.