Pikapu Imepanda, Difu Imebaki

Shangazi alisimama kando ya pikapu pale Uyole, Mbeya, akautazama mlango, akanitazama mimi, akautazama mlango tena.

"Mwanangu, huku juu ndiko mnakopandia, au kuna ngazi inakuja?"

Ngazi haikuwepo. Nyuma kulikuwa na makreti manane ya soda za harusi, tukashusha moja, tukaliweka chini ya mlango. Shangazi akapanda juu ya kreti, akashika kishikio, akainua mguu. Kitenge cha sare kikagoma. Akashuka, akakipandisha mpaka magotini, akawaamuru makonda wote waliokuwa karibu wageuke watazame Mlima Nyoka, kisha akapanda kwa mkupuo mmoja kama gunia linalorushwa kwenye fuso.

"Sentimita nane, Shangazi," nikamwambia kwa fahari. "Tano za springi, tatu za tairi."

"Mimi sijauliza bei."

Chanzo cha yote ni barabara ya kutoka Isyonje kwenda Kikondo. Wanaoijua wakati wa masika wanaelewa, na wasioijua wafikirie uji mweusi uliomwagwa mlimani. Malori ya viazi yanachimba mifereji miwili ya magurudumu, katikati linabaki tuta. Masika ya mwaka jana Hilux yangu ilipanda juu ya tuta hilo ikatulia kama kuku anayeatamia. Difu, lile bonge la gia lililo kati ya magurudumu, imekaa kwenye udongo, magurudumu yanazunguka bila kushika kitu. Mimi, kwa akili zangu zote, nikahitimisha kwamba gari ni fupi.

Fundi wangu alilipokea wazo la kulinyanyua kwa furaha. Jina lake nalihifadhi, maana bado ananidai.

Tulianza na tairi, na hapo ndipo hesabu ilipokuwa rahisi. Tairi za mwanzo zilikuwa 205R16, ambazo kutoka chini hadi juu zina sentimita 74 hivi. Mpya, maana yake mitumba kutoka Mwanjelwa, zilikuwa 265/75R16. Upana ni milimita 265, ukuta wake ni asilimia 75 ya upana huo, na rimu ni inchi 16. Ukijumlisha unapata sentimita 80. Tofauti ni sita, lakini ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo inapanda nusu tu: tatu. Iweke akilini hiyo tatu, tutaihitaji huko mbele. Ukinunua mtumba, tafuta ubavuni zile namba nne za mwisho kwenye maandishi yanayoanza na DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Moja ya zangu ilisoma 1411, wiki ya 14 ya mwaka 2011. Ilikuwa na kashata, ile michongo ya kukanyagia, nzuri kuliko zote, muuzaji akaisifia kweli kweli. Nikairudisha, maana raba ikishakauka hata kashata ikiwa ndefu kama meno ya reki inapasuka tu.

Mbele pikapu yangu haina koili, ina tosheni ba, ile fimbo ndefu ya chuma inayojisokota. Kuinyanyua ni kukaza bolti moja kila upande, nyuma ya kabini chini, na ndiyo maana watu wanaidharau kazi yenyewe. Kabla ya kugusa, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia, andika. Nyanyua chasisi kwa jeki ili fimbo ilegee, kaza sawa pande zote, shusha, sogeza gari mbele na nyuma mita kadhaa litulie, pima tena. Inchi moja na nusu inatosha. Fundi alitaka mbili.

"Bosi, nyuma tunaweka mbili. Mbele ikiwa moja na nusu itaonekana imeinamisha kichwa kama ina msiba."

Tukaweka mbili. Ikapendeza, nikapiga picha. Asubuhi nikavuka tuta la kwanza la barabarani, chini kukalia ngoma: du! Tuta la pili, du! Mtaani wanasema ukikaza tosheni springi inakuwa ngumu. Si kweli, fimbo ni ile ile, ugumu wake haujabadilika hata chembe. Kinachotokea ni kwamba mkono wa juu unaoshika gurudumu umeshushwa mpaka unakaribia raba yake ya kuzuia, kwa hiyo gurudumu likitaka kushuka kidogo tu upande wa pili wa tuta, chuma kinagonga raba. Juu ya hapo draivu shafti, fimbo zinazozungusha magurudumu ya mbele, zinakaa kwa pembe kali, buti zake, yaani raba zinazozifunika, zinakunjika na kupasuka, na boljointi zinazeeka kabla ya wakati. Tukarudi kulegeza nusu inchi, msiba tukaukubali. Baada ya hapo ni alaimenti, hilo halina mjadala, kwa sababu ukishagusa kimo cha mbele magurudumu hayatazami tena yalikokuwa yanatazama.

Nyuma ndiko kwenye hadithi.

Kuna njia tatu za kunyanyua springi za majani. Ya kwanza, kurefusha sheko, vile vibao vya chuma vinavyobeba ncha ya nyuma ya springi. Hapo kumbuka kwamba ukirefusha sheko inchi mbili, gari linapanda moja, kwa kuwa ncha ya mbele haijaenda popote. Ya pili, kuongeza jani, na hiyo inafanya gari tupu liruke kama mbuzi. Ya tatu ni kuweka kibonge kati ya springi na ekseli. Tukachagua kibonge, kwa sababu ni rahisi. Fundi alitoka uani na vipande viwili vya mbao, vimepigwa randa vizuri.

"Hii ni mbao ya Mufindi, bosi. Imekauka."

Nikamwambia mbao ya Mufindi naiheshimu sana ikiwa kwenye kenchi. Chini ya ekseli yenye mzigo itapondeka, yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zitalegea, na siku hiyo ekseli itaamua yenyewe inakwenda wapi. Akaenda kuchongesha vya chuma, milimita 50 kila kimoja. Yu-bolti tukanunua mpya, ndefu kwa hizo 50. Za zamani hazirudiwi, zimekwisha kuvutika. Ukizikaza kaza kwa kukatiza kona hadi kona, gari likiwa limesimama kwa uzito wake, na ukitembea kilomita mia chache urudi ukaze tena.

Kitu kimoja tulikisahau. Chini ya springi kuna kichwa cha senta bolti, bolti ya katikati inayobana majani pamoja, kinachoingia kwenye tundu la ekseli ili ekseli isisogee. Kibonge kinatakiwa kiwe na tundu juu la kupokea hicho kichwa, na chini kiwe na pini yake ya kuingia kwenye ekseli. Vyetu vilikuwa na tundu. Pini, hapana. Siku mbili baadaye jamaa yangu aliyekuwa nyuma yangu barabara ya Iyunga akanipigia simu.

"Unaenda wapi?"

"Mbalizi."

"Wewe ndiyo. Ila matako ya gari yanaenda upande mwingine."

Upande wa kushoto ekseli ilikuwa imerudi nyuma sentimita mbili. Pikapu ilikuwa inakimbia kama mbwa, kichwa huku, kiuno kule. Tukafungua, vibonge vikatiwa pini, tukafunga upya.

Nikadhani tumemaliza. Usiku huo malori yote yanayotoka Tunduma yakaanza kuniwashia taa. La kwanza, la pili, la tatu. Moyo ukajaa: madereva wa malori wanaisalimia pikapu yangu! Nikawajibu kwa kuwasha fulu. Ilipofika la tano, dereva akatoa kichwa dirishani akanieleza kwa kirefu maoni yake kuhusu mimi na mzazi wangu. Pua ikipanda, taa zinapanda nazo, na nilikuwa nawamulika machoni tangu Mbalizi. Skrubu za kushushia ziko nyuma ya taa yenyewe, kazi ya dakika kumi mbele ya ukuta.

Kisha ikaja tochi, ile ya polisi ya kupimia spidi. Kijiji kimoja kando ya barabara kuu, kibao cha 50, na mimi nimeshika 50 kama mtu aliyeokoka. Afande akanipungia mkono.

"Afande, mshale ulikuwa 50 kamili."

"Mshale ni wako. Tochi ni ya serikali."

Tochi ilisema 54, na ilisema kweli. Gurudumu likiwa kubwa kwa asilimia nane, kila mzunguko unakwenda mbali zaidi, lakini dashibodi inahesabu mizunguko tu. Faini, elfu thelathini. Ukibadilisha tairi, linganisha mshale na spidi ya simu kabla serikali haijakulinganishia.

La breki silifanyii mzaha. Hilux ya aina hii ina valvu inayogawa nguvu ya breki za nyuma, imeunganishwa na ekseli kwa fimbo nyembamba. Gari likibeba mzigo, chasisi inashuka, fimbo inaiambia valvu iongeze. Sasa sisi tumeipandisha chasisi sentimita tano kutoka kwenye ekseli, kwa hiyo valvu inaamini gari ni tupu daima, hata ukipakia gunia kumi za viazi. Breki za nyuma zinapewa kidogo, za mbele zinafanya kazi ya wote. Kwenye miteremko ya huku hilo ni la kurekebishwa kabla ya safari ya kwanza. Inua kishikio cha fimbo pale kwenye ekseli kwa kimo kile kile ulichoongeza. Halafu jeki chasisi mpaka magurudumu ya nyuma yaning'inie kabisa, uitazame hozi ya breki. Ikikaza kama uzi wa gitaa, weka ndefu.

Kwa hiyo siku ya harusi, baada ya haya yote, pikapu ilikuwa safi. Shangazi juu, shoga zake wawili nyuma yake, soda kreti nane. Tulipanda kutoka Igawilo kwa gia ya tatu pale nilipozoea ya nne, maana tairi kubwa zinakula nguvu ya injini na hii haina tabo ya kuisaidia. Isyonje tukakata kushoto. Nikaingiza fowili, magurudumu yote manne yavute, nikawaambia abiria wangu watulie waone kazi.

Tulifika palepale. Si karibu na pale. Palepale, penye mti uleule. Pikapu ikapanda juu ya tuta, ikatulia, ikaatamia.

Nikashuka, nikaingia kwenye uji mweusi hadi vifundoni, nikachungulia chini. Chasisi iko juu, bampa liko juu, ungeweza kupitisha mbuzi. Difu imezama kwenye udongo. Ndipo nilipoelewa kile ambacho nilikuwa nimekipigia hesabu mwenyewe kwa kalamu. Difu haikai kwenye springi. Difu iko kwenye ekseli, ekseli iko chini ya springi, na hata ungeweka kibonge cha mita moja, bodi ndiyo ingepanda mawinguni na difu ingebaki pale pale ikilima. Kinachoipandisha ni tairi peke yake. Katika sentimita nane nilizolipia, tatu tu ndizo zilizofika. Kabla ya kazi nilipima 21 chini ya difu. Sasa zilikuwa 24. Mfereji ulikuwa na 30.

Ikaja Noah ya abiria. Tairi nyembamba zimefungwa cheni, zinakata uji mpaka kwenye udongo mgumu, wakati zangu pana zilikuwa zinaelea juu kama mtumbwi. Dereva wake alikuwa anajua tuta liko wapi, akapita kwa ubavu, magurudumu ya upande mmoja juu ya tuta lenyewe. Akasimama mbele yangu.

"Toa upepo, kaka, tairi zilale zishike."

Nikatoa mpaka ikabaki psi 18. Zikalala. Sentimita tatu zangu zikawa mbili.

Shangazi alikuwa ametulia dirishani muda wote. "Dereva," akamwita yule wa Noah, "huko kwako watu wanapanda kwa miguu yao?" Akashushwa kwa kreti, akafuatiwa na shoga zake, zikafuatia soda, mwisho kreti lenyewe. "Ndaga fijo, mwanangu," akaniambia kupitia dirisha la Noah, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, wakaondoka.

Nikabaki na pikapu na kijana mmoja mwenye jembe aliyekuwa ameketi ukingoni tangu mwanzo.

"Mwaka jana ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi."

"Ile ilikuwa fupi kidogo."

"Ni hii hii."

Akaitazama sana. Kisha akaingia chini, akalikata tuta mbele ya difu na nyuma yake, udongo akaurudishia kwenye mifereji ya magurudumu na kuukanyaga. Dakika kumi na tano, elfu tano. Pikapu ikatoka yenyewe, hata gia nzito ya lo sikuhitaji.

Nilipofika Kikondo wali ulikuwa umebaki ukoko. Shangazi alikuwa ameketi langoni juu ya kreti tupu.

"Nimekutunzia hili," akasema. "Tutarudije?"