Ofisa udahili anapoijua shule: kujuana au ushahidi?

Julai 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti kuhusu vyuo 12 vya Marekani ambavyo kuingia kwake ni kupenya tundu la sindano: vile vinane vya kundi la Ivy (Harvard na wenzake), pamoja na Stanford, MIT, Duke na Chicago. Walikuta kwamba mtoto wa familia iliyo katika asilimia 1 ya juu kabisa kwa kipato ana nafasi zaidi ya maradufu ya kusoma humo kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati, hata pale wote wawili walipopata alama zilezile katika SAT au ACT, mitihani inayotumika kuombea vyuo vya Marekani. Kwa upande wa udahili walitaja sababu tatu: upendeleo kwa watoto wa wahitimu, usajili wa wanamichezo, na uzito unaopewa mambo yasiyo ya kitaaluma, kama vile uongozi, tabia na shughuli za nje ya darasa. Mbili za mwanzo zimeshasemwa sana, na sina neno la kuzitetea. Ya tatu ndiyo yenye utata, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoandikwa kumhusu mwombaji hupitia ofisi ya shule yake, na hapo ndipo uhusiano wa shule na chuo unapoingia.

Utaratibu wenyewe ulianikwa hadharani katika kesi kuhusu udahili wa Chuo Kikuu cha Harvard iliyosikilizwa Boston mwaka 2018. Waombaji hugawanywa kwa kanda za kijiografia, na kila kanda ina ofisa wake, ambaye huzisoma faili za shule zilezile mwaka hadi mwaka na kisha kuwasemea waombaji wa kanda yake mbele ya kamati. Ndani ya faili kuna waraka mfupi unaoieleza shule, yaani masomo inayofundisha, namna inavyotoa alama na mara nyingi vyuo walikokwenda wahitimu wake, na kuna barua ya mshauri wa wanafunzi. Katika shule binafsi za gharama kubwa mshauri huyo anahudumia wanafunzi wachache anaowafahamu mmoja mmoja. Katika shule za umma za Marekani mshauri mmoja anahudumia wanafunzi karibu 400 kwa wastani, ilhali chama cha washauri hao kinapendekeza wasizidi 250. Barua inayotoka ofisi ya kwanza na ile inayotoka ofisi ya pili haziwezi kulingana, hata kama wanafunzi wenyewe wanalingana.

Kwa hiyo wanaoulaumu uhusiano huu hawasemi ovyo. Watafiti wale watatu walionyesha kwamba wahitimu wa shule binafsi hupewa alama za juu zaidi katika mambo yasiyo ya kitaaluma kuliko wenzao wenye matokeo sawa ya mtihani, na kwamba alama hizo hazibashiri vizuri mafanikio ya mtu baada ya chuo, wakati matokeo ya mtihani hubashiri. Hilo ni pigo zito, maana linavunja utetezi wa kawaida kwamba barua nzuri humwonyesha ofisa kitu ambacho karatasi ya mtihani haikioni. Isitoshe, uaminifu unaojengwa kwa miaka unaweza kuuzwa. Novemba 2018 gazeti la The New York Times lilieleza jinsi shule ndogo ya Louisiana, T.M. Landry, iliyosifika kwa kupeleka watoto Weusi wa familia maskini katika vyuo vikubwa, ilivyokuwa ikighushi rekodi za masomo na kutunga visa vya taabu ili kuwasisimua wasomaji wa faili.

Kwa msomaji wa huku kwetu, ambaye neno kujuana humkumbusha ajira zilizogawiwa kabla ya kutangazwa, hukumu inakuja upesi: futeni barua, yabaki matokeo. Ningeikubali hukumu hiyo kama ningeamini kwamba matokeo hujieleza yenyewe.

Tuchukue faili la kijana wa Tanzania aliyemaliza kidato cha sita katika shule ya serikali. Matokeo yake ni Divisheni ya Kwanza ya pointi 3, ambayo kwa Baraza la Mitihani ndiyo kilele, kwa kuwa pointi zikipungua ndivyo ufaulu unavyopanda. Ofisa ambaye hajawahi kukutana na cheti cha aina hiyo anaiona tarakimu 3 na hajui kama acheke au alie. Akigeukia barua ya mwalimu, anakuta aya moja yenye muhuri wa shule: kijana ni mtiifu, ana nidhamu, anashirikiana vizuri na wenzake. Kwa mwalimu aliyeiandika, hizo ni sifa kubwa, tena amezipima asije akaonekana anampamba mtoto wa watu. Lakini fomu inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani inamtaka mwalimu aseme, kwa ngazi kadhaa, kama mwanafunzi yuko chini ya wastani au ni miongoni mwa wachache bora aliowahi kuwafundisha maishani mwake, na mwalimu wetu, kwa adabu yake, anaweka alama ya katikati. Kwa Kiingereza cha ofisi za udahili, amemkataa kijana.

Kinachoweza kumwokoa kijana huyo ni kule kujuana tunakokulaani. Ofisa aliyepokea wanafunzi watatu kutoka shule hiyohiyo, akaona walivyofanya chuoni, anajua kwamba mwalimu yule hasifii hovyo na kwamba pointi 3 za hapo zina maana yake. Ujuzi huo haununuliwi kwa tovuti, bali hupatikana kwa kurudi tena na tena.

Mwaka 2004 Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich 1972, na mwandishi wa habari Mmarekani John Manners walianzisha mradi wa KenSAP wa kuwasaidia vijana wa Bonde la Ufa nchini Kenya waliofanya vizuri sana katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, kuomba nafasi katika vyuo hivi vya Marekani. Waliwafundisha SAT na uandishi wa insha, na huko Iten wakawapima hata kwa mbio za mita 1,500, kwa kuwa walijua kwamba kocha akimtaka mwombaji, faili lake hutembea kwa kasi nyingine. Mtu anaweza kulicheka jambo hilo, lakini wawili hawa waliyasoma malango ya vyuo kama yalivyo, na wakaingiza kwa mlango huo huo watoto ambao wazazi wao hawakuwa na habari kwamba upo. Kila aliyetangulia akafanya vizuri alimrahisishia aliyemfuata, na miaka ilivyokwenda jina la mradi likawa linabeba uzito ambao hakuna shule moja ya eneo lile ingeweza kuubeba peke yake.

Hata hivyo, uhusiano una bei, na hapa ndipo lawama inapostahili kuelekezwa. Shule ya UWC East Africa, yenye kampasi Moshi na Arusha, ilijiunga na UWC, mtandao wa shule za kimataifa, mwaka 2019. Mpango wa ufadhili wa Davis, ulioanza mwaka 2000 na vyuo vitano, Princeton na Middlebury vikiwamo, huvipa vyuo shirikishi vya Marekani ruzuku ya kuwagharimia wahitimu wa mtandao huo wenye uhitaji. Ni mpango mwema, na umewafungulia njia watoto wa wakulima na wakimbizi waliopata ufadhili wa kusoma huko. Lakini mtoto mwenye akili zilezile, anayesoma shule ya serikali ya mji huohuo wa Moshi, hana ruzuku inayomtangulia, na vyuo vingi vya Marekani bado huangalia uwezo wa mwombaji wa kigeni kulipa kabla ya kumkubali. Ofisa akipewa bajeti ya safari, basi hutumwa kule ambako safari itarudisha ada.

Texas ilijaribu njia nyingine. Sheria ya mwaka 1997 iliwapa nafasi ya moja kwa moja katika vyuo vikuu vya umma vya jimbo wanafunzi waliokuwa ndani ya asilimia 10 ya juu ya darasa lao, shule iwe ya kitajiri ya Dallas au ya mpakani isiyosikika popote. Simu ya mkuu wa shule kwa ofisa wa udahili ikakosa kazi. Wachumi Sandra Black, Jeffrey Denning na Jesse Rothstein waliwafuatilia wanafunzi walioingizwa na sheria hiyo katika Chuo Kikuu cha Texas, Austin, wakakuta kwamba walinufaika, hata katika kuhitimu, na kwamba waliosukumwa nje hawakuonekana kudhurika. Nakiri kwamba huo ndio ushahidi mgumu kuliko wote kwa mtu wa msimamo wangu. Ila kanuni hiyo inawezekana kwa sababu chuo na shule viko chini ya bunge moja. Haivuki mpaka wa jimbo, sembuse bahari.

Nchini Kenya nako, KUCCPS, chombo cha taifa cha kugawa nafasi za vyuo, inawapanga wanafunzi vyuoni kwa pointi na machaguo yao, na hakuna mwalimu mkuu anayeweza kupiga simu. Langoni pana haki. Tofauti kati ya shule ya kitaifa na shule ya kutwa ya kijijini imeshahesabiwa ndani ya pointi zenyewe, na hakuna mtu mezani mwenye ruhusa ya kuuliza zilipatikana kwa taa gani.

Ndiyo maana naona kosa si kwamba ofisa anazijua baadhi ya shule, bali ni kwamba chuo ndicho kinachochagua zipi zijulikane, kisha kinaficha orodha. Vyuo binafsi vikubwa hutangaza kila mwaka idadi ya majimbo na nchi walikotoka wanafunzi wapya, lakini shule kwa shule hawasemi. Chuo Kikuu cha California, ambacho ni cha umma na kwa kawaida hakidai barua za walimu, huweka wazi takwimu za kila shule: wangapi waliomba, wangapi walikubaliwa, wangapi walijiunga. Harvard nayo ina takwimu za aina hiyo, kwa kuwa maofisa wake huyasoma mafaili hayo kwa kanda na kwa shule.